Kumtafsiria Baba Anime ya Lori na Mbuzi

Baba yangu alipopatwa na kiharusi nilimtoa kijijini kwake Muthara, Meru, nikamleta kwangu Gachoka, Embu, na tangu siku hiyo alinisumbua kwa neno moja: nyumbani. Alitaka kurudi. Mimi nilitaka awe karibu na kliniki ya Embu, kwa sababu kule Muthara mama alishafariki, na kaka yangu hutoka alfajiri kwenda kwenye shamba lake la miraa na kurudi jua likizama. Mgonjwa angebaki na kuku tu. Tulivutana miezi mitatu, yeye kitini, mimi na sufuria zangu.

Shida haikuwa kukumbuka shamba peke yake. Baba alikuwa Mmeru wa zamani, na alishikilia kwamba mzee halali katika boma la mwanamume aliyemwoa binti yake. Kula atakula, kuoga ataoga, lakini kulala hapana. Mume wangu alimwita mchungaji aje amweleweshe. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama ana binti. Mchungaji alikuwa na wavulana watatu. Mazungumzo yakaishia hapo. Ikabidi tupatane na jirani yetu, mzee aliyefiwa na mkewe. Kila jioni tulimsukuma baba kwa kiti cha magurudumu hadi ng'ambo ya ua akalale kwa jirani, na asubuhi tukamrudisha kunywa uji. Huku kwetu ni mchanga mtupu, magurudumu yanazama. Jaribu kufanya hivyo ukiwa umefundisha vipindi sita, halafu uje unieleze uzuri wa mila.

Likizo ya Aprili binti yangu wa miaka kumi na minne alirudi kutoka shule ya bweni na uchu wa kutazama anime. Ukiziita katuni ananuna siku nzima. Mchana, joto la mabati likiwa limetutoa ndani ya nyumba, aliegemeza simu kwenye thamosi pale barazani, na babu yake, guka kama anavyomwita, akaanza kuchungulia. Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: karani mmoja anavuka barabara macho yakiwa kwenye simu, lori linamgonga, anaamka katika dunia nyingine yenye wafalme na mazimwi. Watu wa huko wamekuwa wakimngoja shujaa mwenye uwezo wa ajabu. Kumbe uwezo aliopewa ni mmoja tu, kusikia lugha ya mbuzi. Na mbuzi mwenyewe ni mvivu, ana matusi, na amekula ramani ya vita.

Baba alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Mdomo ulipanda upande mmoja tu, lakini kicheko kilikuwa chake, nami nikageuka nisionekane nikilia.

Wahusika wanaongea Kijapani, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na Kiswahili kidogo alichokuwa nacho baba kilikuwa kimeondoka na kiharusi. Kimebaki Kimeru. Basi nikapata kazi nyingine juu ya zile nilizokuwa nazo, kusoma maandishi yanayokimbia na kuyageuza Kimeru kabla hayajapotea. Nilitafsiri nikichagua ndengu. Nilitafsiri nikimkanda mkono. Baba naye alikuwa na maoni. Shujaa alipokaribishwa kulala katika ngome ya mfalme ambaye binti yake alikuwa akimtaka, baba alisonya. "Analala kwa watu wa msichana? Hana aibu." Askari wa mfalme walipotafuna majani ya kuwapa nguvu, akasema hiyo lazima ni muguka, ile miraa ya majani ya huku Embu, si miraa ya kwao Meru, ndiyo maana wanashindwa vita. Mume wangu, ambaye ana nusu ekari ya muguka nyuma ya nyumba, alijifanya hakusikia.

Lakini nilikuwa nimedanganya. Siku ya kwanza, lori lilipomgonga karani, maandishi yalisema amekufa. Mimi nilisema amezimia. Sikutaka neno kufa lisikike mbele ya kiti kile. Na kila siku baada ya hapo baba aliniuliza swali lile lile: "Huyu atarudi kwao lini?" Nami nikajibu, "Bado kidogo. Akishapata nguvu." Binti yangu anaongea Kimbeere cha baba yake, na Kimeru anakisikia kiasi. Alikuwa akinitazama tu kwa jicho la pembeni.

Sehemu ya mwisho tuliitazama siku moja kabla hajarudi shuleni. Mungu wa dunia ile, mzee mwenye ndevu hadi magotini, anamwambia shujaa kwamba kwao alishazikwa, hakuna njia ya kurudi. Shujaa anamgeukia mbuzi na kumwuliza watakula nini jioni. Nikayasoma yote. Nikamwambia baba, "Anasema atarudi kwao mvua zikiisha."

Binti yangu aligeuka. "Mum, please! Mbona unamdanganya guka? Huyo alikufa. Alikufa episode ya kwanza!"

Baba alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Akaashiria simu izimwe. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, moja moja.

"Lile lori nililiona," alisema. "Mtu hagongwi vile akaamka."

"Sasa kila siku ulikuwa unaniuliza nini?"

"Nilitaka kujua kama utaniambia." Akapumzika. "Huyo ni maiti, hana pa kurudi. Mimi nina pa kurudi. Nipeleke."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia nimemwosha, nimemlisha, nimemsukuma jioni na asubuhi, na yeye alikuwa akinipima kwa katuni. Hata binti yangu hakunisahihisha neno hilo. Baba alingoja nimalize yote.

"Umechoka, mwari," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, maana yake kwa Kimeru ni binti yangu. "Na mimi nimechoka kukuona umechoka."

Jumamosi tulimpeleka Muthara kwa gari la kuazima. Aliishi wiki tano. Kliniki alikosa mara mbili, na sijui kama angeenda ingebadilisha chochote. Daktari sikumwuliza, niliogopa angenijibu. Siku ya mazishi watu walinishika mkono wakinisifu kwamba nilitii neno la mzazi, nikawaitikia. Sikumwambia yeyote kwamba siku ile tulipomwacha kwa kaka yangu na kugeuza gari, nililala usingizi kutoka Meru mjini hadi Embu, na nilipoamka nilikuwa na furaha.