Taa Niliyoisomea Alhamdu

Juzi fundi alichomeka kimashine chake chini ya usukani wa gari langu, akabonyeza, na taa ya injini ikazimika. Nikacheka peke yangu.

Nilikumbuka alasiri moja nikiwa mtoto, nyumbani kwetu Ngamiani. Baba alikuwa amebadilisha plagi za gari mwenyewe, mikono inamnuka petroli, lakini ile taa ya manjano ilibaki inawaka. Mama alisimama mlangoni ananukia udi, tayari kwa harusi ya mama mdogo kule Kigombe.

"Mie na wanangu hatupandi gari gonjwa," alisema.

Mgonjwa nilijua anavyotibiwa. Nikiwa na homa, bibi alinisomea Alhamdu kisha akanipuliza usoni. Basi baba alipoinama kwenye boneti kufungua waya wa betri, nilipanda kitini, nikapasomea pale taa inapowaka, nikapuliza mpaka kizunguzungu kikanishika. Baba akaurudisha waya, akawasha gari. Taa haikuonekana tena.

"Baba, nimeliponya!"

Siku hizi najua kwamba gari likikatiwa umeme husahau kosa lake. Baba alilijua hilo siku ile ile, lakini alifuta mikono akaita, "Mama Zuhura, panda! Mwanao kaliponya gari."

Tuliimba nyimbo za harusi mpaka Kigombe.

Jana nilimpigia baba simu kumsimulia habari za kile kimashine. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na wewe hukupuliza?"

Nilikuwa nimepuliza kabla fundi hajafika.