Heri ya Kuzaliwa kwa Kifaransa

Rafiki yangu wa Makambako aliniaibisha kwa maombi. Tulikuwa kwangu Njombe, majirani wamejaa sebuleni kwa ibada ya shukrani ya kuzaliwa kwangu, nami kwa heshima nikampa yeye afunge kwa sala. Akasema, "Baba, mzee huyu anapenda viti vya mbele. Mnyenyekeze." Watu wakaguna, kisha wakaitika amina. Mke wangu naye aliitika. Nani atamkatiza mtu anayesema na Mungu?

Sikulipiza siku ile. Namshukuru Mungu, alinijalia uvumilivu.

Zamu yake ilipofika nilipanda basi hadi Makambako. Baada ya kuku na viazi, wakaomba nimwombee mwenye siku. Nikasimama, nikamwekea mkono begani, nikafumba macho na kuanza kwa Kifaransa. Kidogo nilichonacho nilifundishwa na mchungaji wa Kongo tuliyesoma naye chuo cha Biblia. Nilisema, "Joyeux anniversaire, mon ami." Yaani heri ya kuzaliwa, rafiki yangu. Sikuwa na zaidi ya hayo, kwa hiyo nikayarudia polepole, na tena kwa sauti ya chini, nikitikisa kichwa kama mtu aliyeoneshwa jambo zito. Bega lake likakakamaa.

"Amina!" wakaitika wote.

Yeye alinifuata hadi getini. "Kaka, umeniombea nini?"

"Nimekutakia heri ya kuzaliwa."

"Maneno yote yale?"

"Yote."

"Na pale uliposhusha sauti?"

"Heri vilevile."

Mkewe akacheka mlangoni. "Baba, una dhambi gani hiyo unayoiogopa kwa Kifaransa?"

Hakucheka. Wiki iliyofuata alikuja Njombe, baridi imembana, shingo ameizungushia skafu ya mkewe. Kabla hata ya kunywa chai akasema alikosea katika sala ile ya kwangu, na akaomba nimsamehe. Nikamsamehe kwa moyo mweupe.

"Basi niambie kwa Kiswahili."

"Heri ya kuzaliwa."

Akanitazama machoni, akaona sidanganyi, na bado hakuamini. "Siku nyingine utaniombea kwa Kiswahili, kaka? Watu wasikie?"

Nikamwongezea chai. "Mwakani," nikasema, "Bwana akitujalia."