Siku Mama Sina Aliponiuliza Mwanawe Yuko Wapi

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale St Marys, Sydney, sisi watoto wa Kikongo tuliotoka kambi ya wakimbizi, tulikuwa hatujawahi kuona watu wanaocheza mpira huku wanaimba. Majirani zetu walikuwa Wasamoa. Jumamosi walijaa uwanjani karibu na reli, akina mama, watoto, bibi zao, kila timu imewachanganya wote, na hakuna aliyehesabu ni wangapi. Mchezo wao waliuita kilikiti. Ni kriketi, lakini gongo lake lina pande tatu, nene kama mchi, na mpira ukiligonga hata mpigaji hajui utaelekea wapi. Mtu akitolewa, wapinzani wanapiga makofi kwa mpangilio, wanacheza kidogo, kisha wanaendelea. Nilisimama pembeni nikijiuliza: sasa huyu aliyetolewa, mbona naye anacheka?

Sina, binti wao wa rika langu, ndiye aliyenivuta. "Wewe unasimama hapo unalinda nini? Ingia ukimbize mpira!"

Nilikimbiza mpira miaka minne. Mama yangu alipeleka sombe, yale majani ya muhogo, kwao, wao wakatuletea magimbi yaliyoiva kwa mawe ya moto, yenye tui zito. Mama aliyaita mateke, akasema haya ni ya kwetu kabisa, yamefikaje kwa hawa? Maji tulikunywa bombani, na mwezi wa kwanza nyasi zilikuwa kavu mpaka zinachoma nyayo. Watoto wetu leo wakitembea kutoka garini hadi mlangoni wanataka kupumzika.

Shuleni Sina alifundishwa kriketi ya kawaida, ya gongo bapa. Mwanzoni alilizungusha mkononi akitafuta upande wa tatu, na kila mpira alitaka kuupitisha juu ya miti. Mwalimu alishika kichwa. Lakini akiupata vizuri, tuliutafuta mpira huo mpaka kengele ya kurudi darasani.

Tulipofika miaka kumi na mitano, watu wa timu ya wanawake ya Samoa walikuja kuchuja wasichana wanaoishi Sydney. Mchujo ulikuwa Jumapili. Nyumbani kwa akina Sina, Jumapili ni kanisa, chakula na kulala. Mtoto hagusi mpira. Alijua mama yake atasema nini, kwa hiyo hakumwuliza. Alikuja kwangu.

"Mama akikuuliza, sema niko kwenu tunafanya mazoezi ya kwaya. Neema, tafadhali, ni siku moja tu."

Nikakubali. Mchana Mama Sina akaja mlangoni, gauni jeupe, kofia nyeupe, sahani ya magimbi mkononi. "Neema, Sina yuko wapi?" Mama yangu alizoea kuniambia kwamba nikidanganya masikio yangu yanatembea, na kweli niliyasikia yanatembea. Nikasema yote, hadi jina la uwanja.

Hakunigombeza. Alinipakia garini pamoja na ile sahani, akaendesha hadi uwanjani, Parramatta. Nilidhani anakwenda kumtoa Sina kwa sikio. Kumbe alikaa kwenye nyasi, na Sina alipoingia kupiga, akaanza makofi ya kilikiti, peke yake, kwa nguvu. Sina akageuka kumtazama. Mpira ukampita, vijiti vya nyuma yake vikaanguka, akawa ametolewa. Mama yake akaendelea kupiga makofi.

Hakuchaguliwa. "Ungefunga tu mdomo wako ningekuwa mchezaji wa Samoa," aliniambia, na mwaka mzima hakuniita kwa jina. Mchujo uliofuata ulikuwa Jumamosi, akapita. Aliichezea Samoa miaka mingi, mpaka goti likakataa, kisha akawafundisha wasichana wadogo hapa hapa mtaani. Urafiki wetu ulirudi. Jumapili ile hatukuizungumzia tena, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumuuliza kama alinisamehe.

Mwezi uliopita tulimzika Sina. Figo. Baada ya mazishi Mama Sina alinishika mkono.

"Siku ile sikwenda kumrudisha," alisema. "Nilitaka kuona ni kitu gani kinachomfanya mwanangu anifiche. Nilipomwona amesimama pale na gongo lake, hasira yote iliisha."

"Ulimwambia?"

"Nilidhani makofi yalimwambia."

Sijui kama Sina aliyaelewa hivyo. Mimi niliyekaa karibu na mama yake kwenye nyasi sikuyaelewa.

Siku hizi mzazi anafungua simu na kuona mwanawe yuko mtaa gani, hahitaji kumuuliza mtu. Binti yangu sasa ana miaka kumi na mitano. Anaelewa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza. Marafiki zake nawajua kwa majina, lakini hakuna mama hata mmoja aliyewahi kuja mlangoni kwetu, akamtazama binti yangu usoni na kumuuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Ningependa sana kujua angejibu nini.