Meza ya Miguu Miwili

Wacha niseme ukweli mbele yenu nyote: baba mkwe wangu alimwona jirani yangu uchi wa mnyama, mchana, Jumapili, katikati ya maombi, na aliyemwanika hivyo ni mimi na nyundo yangu.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa tunakaa Ziwani na Mwende wangu, kwa chumba kimoja kilichogawanywa na hadibodi, upande huu sisi, upande ule Wafula wa kiwanda cha sabuni (ndio maana povu lake lilikuwa la kitajiri, mtaona). Huo ukuta ulikuwa mwembamba, Wafula akipiga chafya sisi ndio tunamwambia pole.

Sasa, babake Mwende, karani mstaafu wa Machakos, alikuwa amekataa mbuzi zangu za ntheo. (Kwetu Ukambani kama mbuzi za ntheo hazijapokelewa huyo bado si bibi yako, ni mgeni tu amekaa sana.) Akasema, "Siwezi kupokea mbuzi ya mtu ambaye kwake binti yangu anakula sahani ikiwa kwa mapaja. Nitakuja nijionee."

Fundi aliponitajia bei ya meza nilicheka mpaka akakasirika. Mimi shule niliachia kidato cha pili, lakini mbao ni mbao, na babu yangu alichonga twiga wazungu wakanunua, kweli nishindwe na meza? Nikatafuta mbao za masanduku ya mizigo, nikapiga randa, nikapaka vanishi mara tatu, wacha, ikang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu hapo kama kioo. Shida ikawa miguu, mbao zilitosha miguu miwili tu. Hapo ndipo shetani akaniuliza: kwani ukuta unafanya kazi gani? Basi mbele nikaweka miguu miwili, nyuma nikapigilia kwa hadibodi, misumari minne.

"Itashika?" Mwende akauliza.

"Hii ndio ya kisasa," nikamwambia. "Miguu minne ni mambo ya kitambo."

Jumapili mzee akafika na kofia yake, akaipapasa meza kama mtu ananunua ng'ombe, akasema, "Hmm." Kwa mzee yule "hmm" ni kama kupigiwa makofi. Mwende akatandika kitambaa chake cha kroshia alichoshona miezi mitatu, akapanga ugali na mboga za sukuma kwa stuli, na katikati ya meza sufuria ya kuku. Mzee akasema tuombe.

Hakuna mtu alikuwa ameniambia mzee akiomba anapiga meza.

"Asante Bwana!" Pu! "Kwa binti yangu!" Pu! Nikasikia msumari umelia kwiii. Nikafungua jicho moja, nikajaribu kushikilia meza na magoti, na mzee ndio kwanza anapata moto: "Na ubariki mikono ya kijana huyu iliyotengeneza meza hii!" PU!

Ukuta ukaondoka. Haukuanguka kwa haraka, ulilala pole pole juu ya kitanda cha Wafula kama mtu ametoka shifti ya usiku, meza ikaufuata, na sufuria ikateleza, kuku akatumbukia kwa karai ya maji (bahati nzuri maombi yalikuwa marefu, kuku alikuwa amepoa). Ndani ya hiyo karai alikuwa amesimama Wafula anaoga, povu kutoka kichwani mpaka chini, macho amefunga sababu ya sabuni, na kwa vile alikuwa akifuata maombi yote kutoka upande wake, akasema kwa sauti, "Amina!"

Halafu akafungua macho. Akanyakua kitu cha kwanza mbele yake ajifunike, na kitu chenyewe kikawa kile kitambaa cha kroshia. Jamani, kroshia! Matundu matupu!

Mwende akatoka mbio. Mzee akafunika uso na kofia, mabega yanatetemeka, nikajua basi, analia, mbuzi zangu zimeenda. Kumbe ni kicheko, amecheka mpaka akakosa pumzi.

"Umejaribu, kijana," akasema akipangusa machozi. "Lete mbuzi. Lakini zizi lao usijenge wewe."

Tukala ugali kwa sukuma, sahani kwa mapaja, mzee pia. Na tangu siku hiyo sijapiga msumari tena, hata wa kutundika kalenda.

Jioni nikaenda kumwomba Wafula msamaha, nikabisha hewani maana ukuta haukuwepo. Nikamkuta anatafuna.

"Sahau hayo, ndugu yangu," akasema akilamba vidole. "Kuku hatupwi. Sabuni tu ndio ilizidi kidogo."