Mzee Aliyeombewa Timau

Theuri alikuwa na chumba kimoja cha kupiga chapa, ghorofani, karibu na soko la Nyeri. Watu walipanda ngazi kumletea barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi na kadi za harusi. Alianza na taipureta, baadaye akanunua kompyuta iliyokuwa imetumika, na mwaka wa 1998, mvua ya El Nino ilipokwisha kuharibu ilichoharibu na laini za simu zikarudi, akajiunga na mtandao kupitia Nairobi. Wakati huo barua pepe ilikuwa kitu ambacho wengi wamekisikia tu. Theuri alikuwa nayo mezani kwake, na hakutaka imfae yeye peke yake.

Akaanzisha kikundi, akakiita Uliza Jirani. Kilikuwa na anwani moja. Ukituma swali kwa anwani hiyo, linawafikia wanachama wote, na yeyote anayejua jibu analiandika likawafikia wote vilevile. Asiyekuwa na kompyuta alipanda ngazi, Theuri akamwandikia swali lake, na majibu yakija akamtolea kwenye karatasi. Kaberia, aliyekuwa karani wa stoo katika shamba la maua kule Timau, alijiunga kwa kompyuta ya ofisi. Wakajiunga pia Mbogo, wa kinu cha mpunga Mwea, na walimu kadhaa, na vijana wawili watatu wa huku waliokuwa wakisoma ng'ambo.

Maswali yalikuja. Majibu hayakuja. Kila mtu alimngoja mwenzake. Mtu aliuliza kwa nini kahawa yake inaangusha matunda machanga, na wiki ikapita kimya. Theuri hakuvumilia kimya hicho. Alikwenda kwa maafisa wa kilimo, akamsumbua daktari wa mifugo aliyekuwa na ofisi mtaa wa pili, akasoma majarida ya zamani, kisha akaandika majibu kwa jina lake mwenyewe. Alipojibu swali la ng'ombe, Kaberia alimkosoa mbele ya wote. Aliandika kwamba mtu wa kupiga chapa apige chapa, mambo ya ng'ombe awaachie wenye ng'ombe.

Theuri aliumia, hasa kwa kuwa jibu lake lilikuwa sahihi. Juma lililofuata alifungua anwani nyingine, akaandika jibu lilelile kwa maneno ya mtu mzima asiye na haraka, akatia sahihi: Mathenge, afisa mstaafu wa mifugo, Nyeri.

Kaberia ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshukuru. Alisema sasa kikundi kimepata mtu.

Mzee Mathenge akakijenga kikundi. Watu walijibiana kwa sababu hawakutaka kuonekana wajinga mbele yake, na waliokosea aliwarekebisha kwa upole ambao Theuri mwenyewe hakuwa nao. Majibu yake yalikuwa ya kweli, kwa maana Theuri bado aliuliza wenye kujua kabla ya kuandika. Alijiambia kwamba jina ni kofia tu, na chini ya kofia kichwa ni kilekile. Lakini kuna siku aliandika jambo kwa jina lake, likapuuzwa, na jioni Mathenge akasema jambo hilohilo likasifiwa. Theuri akamwonea mzee huyo wivu, akajicheka, kisha akaacha kucheka.

Mwanamke mmoja wa Tetu, jina lake Watiri, alipanda ngazi asubuhi moja akihema. Ng'ombe wake alikuwa amezaa jana yake, na sasa ameanguka, shingo imepinda, masikio baridi. Theuri alikimbia mtaa wa pili kuuliza, akarudi akaandika kwa jina la Mathenge, akamsomea jibu: huenda ni homa ya maziwa, usimwache alale ubavu, mkalishe kwa kifua, na daktari aende leo hii, si kesho. Daktari akaenda. Ng'ombe akasimama.

Watiri alirudi kutuma shukrani. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila siku ya soko. Maswali ya ng'ombe yalipokwisha alianza kuuliza mengine. Mume wake, Ndungu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alimwomba Theuri aandike: mwulize mzee, mtu akifiwa, nyumba inaacha lini kuwa kubwa?

Theuri aliliandika swali, akaahidi kulituma. Jioni alikaa nalo. Hakuwa na wa kumwuliza mtaa wa pili. Angeweza kujibu kwamba mzee hajui. Badala yake aliandika kwamba yeye Mathenge pia alimzika mke wake, kwamba mwanzoni alikuwa akipakua sahani mbili, na kwamba nyumba haipungui, ila mtu hujifunza kuikaa. Alihitaji jina la marehemu, akaandika lile lililokuwa karibu na mkono wake. Murugi.

Murugi alikuwa mke wake Theuri. Alikuwa hai, akiuza nguo za mitumba pale sokoni, na kila mchana alimletea mumewe chakula juu.

Watiri aliposomewa jibu hilo alilia bila kuficha uso. Aliomba lisomwe tena. Theuri alilisoma tena, akiyaangalia maneno yake na si mwanamke aliyeketi mbele yake.

Mwaka uliofuata Kaberia alitoa wazo kwamba wanachama wakutane Nyeri, waonane sura, na mzee aheshimiwe kwa kuvishwa blanketi. Wote wakakubali. Theuri alitafuta njia ya kutoka na akachagua ile mbaya. Alitangaza kwamba mzee ni mgonjwa, amelazwa, hawezi kuonana na watu. Alidhani wataahirisha. Hakufikiri kwamba watu humtembelea mgonjwa.

Barua zilimiminika. Mbogo aliuliza kama mzee anaweza kula wali, atume mchele wa Mwea. Kaberia, aliyekuwa mzee wa kanisa, aliandika kwamba kanisa lao Timau lilisimama zima Jumapili likamwombea Mathenge kwa jina. Theuri alisoma hayo, akazima kompyuta kama mwizi aliyeshikwa mkono.

Siku ya soko Watiri, ambaye habari zilikuwa zimemfikia Tetu, alifika na chupa ya uji wa wimbi. Murugi alikuwepo, akifunua sufuria ya githeri juu ya meza ya mumewe. Watiri aliketi akapumua.

"Kijana wangu, nimezunguka wodi zote za wanaume," alisema. "Nimeuliza kitanda kwa kitanda. Hawamjui. Amelazwa hospitali gani?"

Theuri alifungua mdomo, na lililomjia kwanza lilikuwa jina la hospitali nyingine. Lilifika mpaka kwenye ulimi.

Murugi alimwuliza mama huyo ni mgonjwa gani anamtafuta. Watiri akamweleza kwa furaha ya mtu anayemsifu ndugu: mzee mwenye hekima, aliyemwokolea ng'ombe, aliyemwambia maneno ambayo hata mchungaji hakuyajua. Maskini, alisema, yeye pia alimzika mke wake. "Aliitwa Murugi. Aliniambia vile alikuwa anapakua sahani mbili baada ya huyo mama kufa."

Murugi alicheka kidogo, akasema hilo ni jina lake. Kisha akamgeukia mumewe, na alichokiona usoni kwake kikamkata kicheko.

"Mama," Theuri alisema, "hakuna mzee. Ni mimi nilikuwa naandika."

Watiri hakuelewa mara moja. Aliuliza kama mzee amekufa na anafichwa. Theuri alilazimika kusema tena, kwa maneno ya wazi zaidi, kwamba Mathenge hakuwahi kuwa mtu. Ilikuwa vigumu zaidi mara ya pili.

"Na yale ya ng'ombe?"

"Hayo yalikuwa ya daktari. Nilimwuliza."

"Na yale ya kufiwa?"

Theuri aliangalia chini. Watiri akaiweka chupa ya uji mezani. "Hayo ndiyo nilikuwa nayahitaji," alisema.

Alifungua chupa, akammiminia Murugi kikombe, akasema uji usipoe bure. Kisha akafunga chupa yake, akashuka ngazi polepole akishika ukuta. Theuri alitaka kumsindikiza, lakini akabaki kitini.

Murugi alikunywa ule uji wote. Halafu akauliza swali moja.

"Uliniua na ugonjwa gani?"

"Moyo," Theuri alijibu.

Aliitikia kwa kichwa, akafunika sufuria na kurudi sokoni. Nyumbani hakupiga kelele. Alipika, akapakua, akala. Lakini kwa muda mrefu hakuitika alipoitwa kwa jina, mpaka Theuri akajifunza kumwita Mama Kagure, kwa jina la mtoto wao, kama majirani walivyomwita.

Theuri aliwaandikia wanachama wote, safari hii kwa jina lake. Hakujitetea. Wengine walijitoa bila neno. Mmoja wa vijana wa ng'ambo aliona ni kichekesho kizuri, na sifa hiyo ilimuuma Theuri kuliko matusi. Mbogo aliandika tu kwamba mchele alikuwa ameshaufunga. Kwa Watiri alituma salamu kupitia jirani yake wa Tetu, akiomba ruhusa ya kwenda kumwona. Jibu lilirudi kwamba mama hana kinyongo, lakini asije.

Kaberia hakuandika. Alipiga simu. Alisema kwamba yeye ndiye aliyesimama mbele ya kanisa akaomba watu wamwombee Mathenge, na sasa hajui atasimama vipi tena kuwaambia. "Wewe kuja uwaambie mwenyewe," alisema. "Mimi sitabeba hii."

Theuri alikwenda Jumapili. Asubuhi hiyo alimkuta Murugi tayari amevaa, kitambaa kichwani. Hakueleza kwa nini anakwenda naye. Njiani walipita mashamba ya ngano pande zote, mlima ukiwa wazi.

Kanisani alipewa nafasi kabla ya matangazo. Alisema jina lake na kazi yake. Alisema kwamba mzee waliyemwombea ni yeye Theuri aliyemtunga, kwa sababu alitaka kusikilizwa, na kwamba ugonjwa pia aliutunga, kwa sababu aliogopa. Alikuwa amepanga kusema zaidi. Aliona wanawake wa umri wa Watiri wamekaa safu ya mbele, mikono mapajani, wakimsikiliza kwa makini kabisa kama wanavyosikiliza mahubiri. Akaketi. Hakuna aliyemzomea. Mchungaji alitangaza mkutano wa kina mama na ibada ikaendelea. Theuri alikaa akiwa ameinamisha kichwa mpaka mwisho, na Murugi kando yake akiimba nyimbo zote.

Nje, Kaberia alimpa mkono. Alikuwa mwembamba kuliko alivyomdhania, na alikuwa na haya pia. Alisema kwamba yale maneno aliyomwandikia mwanzoni kuhusu kupiga chapa yalikuwa ya kiburi. Theuri alimwambia asijitwike jambo hilo. Wakakubaliana kwamba kikundi kiendelee, ila Kaberia asimamie, na kila anayejibu aseme jibu amelitoa wapi.

Walipokuwa wamesimama hivyo, mwanamume mmoja mzee aliwakaribia, kofia mkononi. Alisema kwamba ng'ombe wake amevimba kiwele upande mmoja na maziwa yanatoka na madonge. Alimwuliza Theuri kama anajua ni nini.

 Dalili hizo Theuri alizijua vizuri. Mathenge aliwahi kuzijibu mara kadhaa.

"Mimi si mtu wa mifugo, mzee," alisema. "Acha nikuulizie kwa daktari, na nitakwambia jina lake."

Mzee aliona hilo ni sawa. Akaanza kueleza ng'ombe alizaa lini, na Murugi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akatoa kalamu mkobani akampa mumewe aandike.