Kunguru Lazima Afike

Leo nimefungua kopo la iliki jikoni, na harufu yake imenirudisha ghorofa ya chini, kwa yule bibi Mwajemi aliyekuwa akikaa nami mama akiwa kazini.

Kila hadithi yake ilianza vilevile: "Alikuwepo mmoja, hakuwepo mmoja." Kulikuwa na jini ambaye uhai wake ulifungiwa ndani ya chupa, na msichana aliyetoka ndani ya tunda. Mwisho nao haukubadilika: "Hadithi yetu imekwisha, kunguru hajafika kwake."

Siku moja theluji ya hapa Buffalo, Marekani, ilikuwa imeziba nusu ya dirisha, na komamanga lilikuwa limenipaka wekundu vidoleni. Mama alisimama mlangoni ameshika koti langu.

"Bon, haya, vaa, twende."

"Sitoki. Kunguru afike kwanza."

Mimi huyo, ambaye shuleni hata jina langu likiitwa niliinua mkono tu!

Mama aliona aibu. "Omba bibi msamaha."

"Sitaki. Kila siku anaruka, kila siku hafiki. Kwa nini?"

Bibi aliacha kupukuchua komamanga. "Mwanangu, kwetu hakuna aliyewahi kumfikisha."

"Basi mimi nitamfikisha."

Alinitazama sana, halafu akanitia nusu ya komamanga mfukoni.

Siku hizi namsimulia mdogo wangu hadithi zile. Kunguru wangu anatua kwenye nyumba yetu hii hii, anagonga dirisha la chini.

"Lakini dada, chini wamehamia watu wengine."

Namwambia anyamaze. Kunguru anagonga, na bibi yumo, anamfungulia.