Kichupa Changu Kilimsingizia Mama wa Watu

Kosa ni langu, sitaki kulizungushia. Nisemeni tu!

Nafanya kazi maabara, kwenye hospitali moja huku Singida. Mama mmoja kutoka kijiji cha Issuna alimleta bintiye mwenye kifafa. Mtoto alikuwa akinywa dawa ya kutuliza ubongo, ile ambayo ikizidi inalaza. Daktari akataka kujua imefika kiasi gani kwenye damu. Kipimo hicho kwetu hakipo, damu tunaisafirisha kwa basi hadi Dodoma.

Damu hiyo inawekwa kwenye kichupa cha kifuniko chekundu, kitupu ndani. Nilijua! Ila vyekundu vilikuwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula. Nikaona uvivu kumsubiri. Nikachukua cha njano, chenye jeli, na jeli ile hunyonya dawa. Tena ilikuwa Ijumaa! Damu ikakaa na jeli hadi Jumatatu.

Majibu yakarudi, nikampelekea daktari: dawa kidogo mno.

"Mama, humpi mtoto dawa," daktari akafoka.

Mama akatoa kopo la mbegu za alizeti. "Kila jioni nikishampa, natia mbegu moja humu. Hesabuni."

Nikacheka. Mimi huyu! Nikamwambia, "Mama, damu haidanganyi."

Dozi ikaongezwa. Wiki mbili baadaye mtoto akaletwa mgongoni, amelala fofofo, hata ukimfinya haamki. Tukapima upya kwa kichupa chekundu. Dawa ilikuwa imezidi kupita kiasi. Nikamweleza daktari ukweli wote, naye akamwambia mama.

Mtoto aliamka siku ya tatu. Mama akambeba, akaapa hospitali basi, na dawa basi. Kifafa kikamwangusha mtoto jikoni, mkono ukaungua.

Nikamfuata Issuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuniangalia. Akaweka lile kopo mbele yangu. "Ulicheka. Haya, hesabu."

Nikakaa chini, nikahesabu moja moja, binti ananitazama, mkono umefungwa kitambaa. Tangu mtoto aanze dawa hadi siku ile niliyomcheka, hakuna jioni aliyoruka. Nikalia, nikamwomba amrudishe kliniki.

"Nitamleta," akasema. "Ila wewe usimguse."

Sasa wakija, mimi natoka nje. Inauma jamani, acheni!

Nyie wenzangu wa maabara, subirini ufunguo! Na majibu yakimkana mama, kabla hujafungua mdomo kaangalie kwanza kichupa ulichokishika wewe mwenyewe.